Muuguzi afundishwe kumtambua mgonjwa wa osteoporosisi

Mafunzo mengi ya wauguzi kuhusu osteoporosisi, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa mifupa, huanza na seli zinazojenga na kubomoa mfupa, kisha huishia kwenye lishe na mazoezi. Sina ugomvi na maarifa hayo, ila yanamwacha muuguzi bila lile analolihitaji zaidi, nalo ni kujua nani, kati ya wagonjwa waliopanga foleni leo, apelekwe kupimwa.

Ugonjwa huu hauumi mpaka mfupa uvunjike. Mama wa makamo hujikwaa, hujikinga kwa mkono, na mfupa ulio juu kidogo ya kiganja huvunjika. Hufungwa plasta, hurudi nyumbani, na hakuna aliyeuliza kwa nini anguko dogo kiasi hicho limevunja mfupa. Kama mafunzo yatamzoesha muuguzi kuuliza hivyo kwa kila mgonjwa aliyevuka miaka 50, mengine yanaweza kusubiri, kwa kuwa aliyevunjika namna hiyo yumo katika hatari kubwa ya kuvunjika tena, na safari hiyo huenda ikawa nyonga.

Yapo pia maswali ya mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga, hedhi iliyokoma kabla ya miaka 45, sigara na pombe. Mimi ningetilia mkazo prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa: mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi anaweza kuitumia kwa miezi mingi huku kila anayemhudumia akidhani suala la mifupa yake linashughulikiwa na mwenzake. Kimo nacho kipimwe, kisiulizwe tu, maana aliyepungua sentimita 4 tangu ujana wake huenda ana pingili za uti wa mgongo zilizobonyea bila kujua.

Majibu mengi kati ya hayo huingizwa kwenye FRAX, kikokotoo kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, ambacho hukadiria uwezekano wa kuvunjika mfupa katika miaka 10 ijayo hata pasipo na mashine ya DXA, inayopima uimara wa mifupa kwa eksirei. Muuguzi akitumie mwenyewe darasani, badala ya kukitazama ukutani.

Hata hivyo, ujuzi bila ruhusa ya kuandika rufaa hufifia upesi. Glasgow, Uskoti, mwishoni mwa miaka ya 1990, wauguzi maalumu walikabidhiwa kazi yenyewe ya kuwatafuta waliovunjika mifupa na kuwapangia vipimo. Kwa hiyo mafunzo yapimwe kwa idadi ya wagonjwa waliofikishwa kwenye kipimo, si kwa alama za mtihani wa siku ya mwisho.