Tetemeko lina herufi 8

Ukipanga chemshabongo kwa wasomaji wa Kigoma, anza na TETEMEKO kwa mlalo. M yake, kisanduku cha 5, ndiyo M ya katikati ya WIMBI linaloshuka wima. Kidokezo cha TETEMEKO: "Lilitikisa Ziwa Tanganyika Desemba 5, 2005."

Shida ipo kwenye maneno ya visanduku 7: MTETEMO, MAWIMBI, MWANGWI, TSUNAMI. Matatu yanaanza na M, matatu yanaishia na I, kwa hiyo herufi za pembeni hazimsaidii mjazaji. Pitisha neno jingine kwenye herufi ya pili: T, A, W, S, zote tofauti.

Epuka pia kidokezo "Hupiga mtumbwi". Hu- inaficha ngeli. "Linapiga" ni WIMBI, "yanapiga" ni MAWIMBI. Kidokezo kinachoficha ngeli kinamwonea msomaji.