Bastola ya mdogo wangu na daraja la mto Delaware

Simu ya mdogo wangu ilinikuta nje kidogo ya Oklahoma City, saa nne usiku, nimeshajilaza kwenye kitanda cha nyuma ya kiti cha lori langu. Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 26, alikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na mimi ndiye niliyemfundisha kurudisha trela nyuma kwenye uwanja mtupu Fort Worth hadi akaacha kutetemeka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Uko wapi?"

Alikuwa Carlisle, Pennsylvania, kwenye kile kituo kikubwa cha malori ambacho kila dereva wa mashariki anakijua. Akageuza kamera ya simu anionyeshe alichonunua. Kasha jeusi la plastiki lilikuwa wazi juu ya kiti cha abiria. Ndani yake kulikuwa na bastola ya Glock 17, magazini mbili za risasi 17 kila moja, na kiboksi cha risasi zile zenye tundu kwenye kichwa. Niliona hadi kitambaa cha kufutia mafuta alichokikunja vizuri pembeni. Ameilipia, fomu ameijaza kwa jina lake, ameitunza kama mtu anavyotunza saa ya harusi.

Sikumlaumu kwa kuinunua. Wiki tatu kabla ya hapo vijana wawili walimgongea mlango usiku kwenye maegesho, wakamtoa simu na pochi huku mmoja amemshikia kisu. Ukishalala ndani ya lori peke yako kilomita elfu mbili kutoka kwako, na ukasikia mkono unajaribu kitasa, utaelewa.

Nikamuuliza, "Mzigo unashusha wapi?"

"Elizabeth, New Jersey. Saa tano asubuhi."

Hapo nikakaa kitako.

"Kaka, nina leseni ya kubeba bastola ya Texas," akaniambia, akaitoa kabisa nikaiona. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 hailazimishi tena leseni kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha. Lakini yeye aliifuata darasani, akafanya mtihani wa kulenga shabaha, akapigwa alama za vidole, akalipia. Alifanya hivyo kwa sababu anasafiri, na kichwani mwake leseni ya bastola ni kama leseni ya lori. Ya lori unaipata Texas, ukiingia Ohio wanaitambua, ukifika Maine wanaitambua. Angejuaje kuwa hii nyingine haiko hivyo? Pennsylvania alipokuwa ameegesha wanaiheshimu leseni ya Texas. Ukivuka mto Delaware kwa barabara kuu namba 78, ukashuka upande wa Phillipsburg, kile kikadi kinakuwa karatasi tu. New Jersey haitambui leseni ya jimbo lolote jingine.

Nikamwomba achukue kalamu, tukahesabu pamoja kile kilichokuwa juu ya kiti. Kuwa na bastola New Jersey bila kibali chao ni kosa la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10. Juu yake kuna sheria wanayoiita Graves Act, inayomfunga jaji mikono: lazima utumikie nusu ya kifungo au miezi 42, ile iliyo ndefu zaidi, kabla hata ya kufikiriwa parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti. Magazini inayobeba zaidi ya risasi 10 imepigwa marufuku huko tangu 2018, na ni kosa la peke yake, hadi miezi 18. Zile risasi zenye tundu, ambazo Texas zinauzwa rafu moja na kofia za kuwindia, kuwa nazo barabarani namna ile ni kosa jingine, hadi miezi 18. Hajamtishia mtu, hajafyatua, hajatukana. Ni kuvuka daraja tu.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo kila dereva huuliza, kwamba si kuna sheria ya nchi nzima inayoruhusu kupita? Ipo, ya mwaka 1986. Inamlinda anayetoka mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha kwenda mahali pengine anaporuhusiwa, mradi bastola haina risasi, iko mbali na mkono, na kama gari halina sehemu iliyotengwa na dereva basi iwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Kisanduku cha dashibodi hakihesabiki, hata ukikifunga. Na inamlinda mpita njia. Yeye alikuwa anakwenda kushusha mzigo New Jersey kwenyewe, alale huko, apakie tena huko.

Nikamsimulia habari ya yule mama wa Philadelphia. Oktoba 2013 alivuka kutoka Pennsylvania kuingia New Jersey na bastola yake aliyoinunua kihalali, kibali cha Pennsylvania mkononi. Polisi alipomsimamisha kwa kosa la barabarani, yeye mwenyewe ndiye aliyesema: nina silaha, na kibali changu hiki hapa. Ndivyo walivyomfundisha darasani. Akakamatwa. Mama wa watoto wawili, hana rekodi yoyote ya uhalifu, akawekewa mbele ile miaka mitatu na nusu isiyopungua. Habari ilipopigiwa kelele nchi nzima, mwendesha mashtaka akabadili msimamo na kumruhusu aingie kwenye mpango wa kuepuka kesi, na Aprili 2015 gavana Chris Christie akamsamehe kabisa. Mimi huwa nawaambia vijana wasihesabu msamaha wa gavana. Yeye alikuwa raia, mzaliwa wa hapa, na vyombo vya habari vilikuwa upande wake.

Sisi wahamiaji tuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu chake cha silaha. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua bunduki, na wengi hawalijui hilo. Lakini akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kubeba au kumiliki bunduki kinyume cha sheria, iwe ya jimbo au ya nchi, anaingia kwenye kundi la wanaoweza kuondolewa nchini. Hakuna takwa la kwamba awe amemdhuru mtu. Wakili wa jinai asiyejua uhamiaji anaweza kukuletea makubaliano mazuri: kiri kosa, uende nyumbani leo, huna kifungo. Ukasaini ukashukuru. Miaka inapita, unakwenda kuomba uraia au unarudi kutoka msiba wa Tanga, unashikwa uwanja wa ndege na ile karatasi uliyoisaini. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, hatakiwi hata kuigusa bunduki, isipokuwa kwa milango michache kama leseni ya kuwinda. Na asiye na hadhi yoyote hana mlango. Adhabu hapo, kwa sheria ya nchi, imefika miaka 15 tangu 2022.

Naomba nisieleweke kwamba naibeza New Jersey. Nina mtoto wa darasa la nne Texas. Tarehe 24 Mei 2022 nilikuwa nashusha mzigo San Antonio redio ilipotangaza habari za Uvalde, mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale nilipokuwa. Watoto 19 na walimu wawili, wameuawa kwa risasi shuleni. Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikashindwa kupanda. Majimbo mengine yakipata msiba kama huo yamebadili sheria: California mwaka 1989 baada ya watoto watano kuuawa katika uwanja wa shule Stockton, New York Januari 2013, mwezi mmoja tu baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook katika jimbo jirani la Connecticut, Illinois Januari 2023, baada ya mauaji kwenye gwaride la Julai 4 pale Highland Park. Bunduki za mtindo wa kijeshi zikapigwa marufuku, na New York na Illinois zikapunguza hata magazini. Texas haikupiga marufuku bunduki za aina ile. Naishi Texas, nalipa kodi Texas, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hata hivyo Texas nayo ina orodha yake, na watu wengi wa kwetu wanashangaa nikiwaambia. Bomu, bunduki ya rashasha isiyosajiliwa serikali kuu, risasi za kutoboa fulana za polisi. Halafu kuna kitu wanachokiita zip gun. Nilipoyasoma maelezo yake mara ya kwanza nilimwona babu. Ni kifaa ambacho hakikutengenezwa kuwa bunduki, kikageuzwa ili kirushe kitu kupitia bomba kwa nguvu ya mlipuko. Babu yangu Handeni alikuwa na gobore lililotengenezwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma na kitako cha mninga. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia kwa nyuzi za katani, akatia vipande vya chuma, akashindilia tena kwa ufito. Tulikaa nyuma yake tumeziba masikio, nguruwe wakila mahindi mbele yetu, na moshi ule ulinukia hadi asubuhi. Kitu kama kile, ukikitengeneza kwa bomba nyuma ya nyumba yako Dallas, kinaweza kukuletea miaka 2 hadi 10 na faini hadi dola 10,000. Katika jimbo ambalo unaweza kununua bunduki duka moja na chambo cha samaki.

Na kuna kidude kingine ambacho nawaomba wazazi mkitafute kwenye vyumba vya watoto wenu. Vijana wanakiita swichi. Kina ukubwa wa kizibo cha soda, kinapachikwa nyuma ya bastola, na bastola ile inamwaga magazini nzima kwa kubana kifyatulio mara moja. Kwa sheria ya nchi kile kizibo peke yake, bila bastola, kinahesabiwa kuwa bunduki ya rashasha. Hadi miaka 10, jela ya serikali kuu ambako hakuna parole. Mtoto anaweza kukiweka kwenye mfuko wa suruali akidhani ameweka kichezeo. Kadhalika ukimwona rafiki anakata mtutu wa bunduki ya marisawa (shotgun) kwa msumeno ili iingie chini ya kiti, ondoka gereji ile: chini ya inchi 18 bila kusajiliwa, hiyo ni sheria ya nchi ya tangu 1934 na miaka ni hiyo hiyo 10.

Basi tukarudi kwenye kasha jeusi. Kulitupa hapana. Kumwachia mtu asiyemjua kituoni hapana, hilo nalo lina kesi zake. Nilimwambia alale, asivuke, na asubuhi aende kwa muuza bunduki mwenye leseni. Wao wanaruhusiwa kuipokea na kuituma kwa muuzaji mwenzao Texas. Saa tatu alikuwa mlangoni. Mzee mwenye duka, aliniambia baadaye, aliitazama Glock, akatazama zile karatasi za mzigo zilizoandikwa Elizabeth, akatikisa kichwa na kusema dogo si dereva wa kwanza kumjia hivyo mwezi ule. Alimtoza dola 95 pamoja na usafirishaji.  Magazini zikaenda na bastola, risasi mzee alizinunua kwa bei ya huruma.

Mdogo wangu alichelewa, akakosa zamu yake ya kushusha, akapangiwa usiku. Yule anayetupangia mizigo alimfokea vibaya sana, na dogo hakuweza kumweleza sababu maana kampuni yenyewe inakataza silaha ndani ya malori yake. Hilo pia sikulijua hadi siku ile, na nilimkemea. Alipofika darajani alinipigia. Hakusema kitu, nikasikia tu matairi yakibadilisha sauti juu ya viungo vya daraja, tu-tum, tu-tum, kisha lami.

Wiki mbili baadaye tulikwenda pamoja kuichukua Fort Worth. Ingawa ni mali yake, alijazishwa fomu upya tangu mwanzo: jina, mahali alipozaliwa, namba ya kadi ya ukaazi. Akafika kwenye lile swali kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Nilikuwa nimeegemea kaunta kando yake. Aliinua kalamu, akanitazama, akatia alama kwenye "hapana".