Siku moja maishani mwangu: kutoka Shira hadi Barranco

Saa 11:30 alfajiri, kambi ya Shira, Mlima Kilimanjaro, mita 3,840. Hema limeshika barafu kwa nje. Chai kwa wageni, maji ya kunawa, kupima oksijeni vidoleni, uji, mizigo. Saa 2 tuko njiani.

Nyumbani Machame wanadhani kazi yangu ni kutembea na Wazungu na kuhesabu dola. Mimi ni mwongoza watalii msaidizi. Nilianza nikiwa mgumu, ndivyo tunavyoitana wapagazi, na kilo 20 kichwani. Mlima huu nimeujua kwa shingo kabla ya kuujua kwa maneno.

Saa 4 vichaka vinaisha. Yanabaki mawe, na katikati ya mawe maua makavu, yale ambayo wageni huyaita maua ya milele. Ni ya ukoo mmoja na alizeti. Majani yake yana manyoya meupe kama pamba, nayo ndiyo blanketi lake, kwa sababu huku usiku ni barafu na mchana jua linachoma. Shina linakaa miaka, likichanua tena na tena. Nayapenda kuliko kitu chochote mlimani.

Saa 6 kasoro, chini kidogo ya Lava Tower, ule mwamba mkubwa wa volkano, nageuka kuhesabu watu: mmoja hayupo. Namkuta hatua thelathini nje ya njia, amechuma fungu zima la kupeleka kwao. Nikamwambia, "Dada, hapa ni hifadhi, hairuhusiwi kuchuma." Akajibu yameshakauka, yamekufa, nani atayakosa? Kichwa kilikuwa kinamuuma na alikuwa na hasira. Nilipiga magoti mbele ya shina ambalo hakuligusa. Nikamwonyesha kwamba hivyo vyeupe anavyoviona petali ni magamba tu, makavu tangu yachanue, na maua yenyewe ni yale madogo ya manjano katikati, mabichi kabisa. Nikamwambia iko aina inayopanda hadi juu ya mita 5,000, imepewa jina la Charles New, mmisionari Mwingereza aliyefika kwenye theluji mwaka 1871. Hakusikiliza. Akauliza kwa nini anafokewa wakati amelipa. Sikuwa nimefoka. Wenzake wamekaa kwenye mawe, baridi inawaingia, wagumu wanatupita na mizigo wakinisalimu, "Pole, kaka," na mimi nimesimama na mkono wazi. Ilichukua karibu nusu saa. Mwishowe aliyatupa chini, akaenda bila kuniangalia.

Niliyaokota. Ukishachuma huwezi kurudisha. Niliyaweka nyuma ya jiwe yasiwashawishi wengine.

Baada ya hapo saa nilizipoteza. Chakula Lava Tower, mmoja akatapika, nikabeba begi lake juu ya langu. Mteremko wa Barranco ni mrefu na magoti yangu si ya zamani. Ukungu ulishuka tukiwa kwenye senesio, ile miti mikubwa ambayo nayo ni ndugu wa alizeti, na yule dada wa maua akaniomba nimshike mkono kwenye mawe yaliyolowa. Nilimshika hadi kambini.

Usiku, baada ya kupima oksijeni za wote, nilivua koti nikakuta kichwa kimoja cha ua mfukoni. Magamba yalikuwa yamejifunga kwa unyevu, kama yanavyofanya kila ukungu ukija, hata yakishakatwa. Nilikipeleka hemani kwake nikamwonyesha kwa tochi. Alikitazama muda mrefu.