Sauti inayoita kisimani
Leo nimemaliza mpango wa filamu yangu fupi ya kwanza, ya kutisha, na nina furaha hadi mikono inatetemeka.

Hadithi ni ndogo: binti yuko kisimani wakati wa magharibi, anasikia anaitwa jina lake. Bibi alitukataza tangu utotoni kuitika sauti ya usiku kabla hatujamwona anayeita. Binti anaitika.

Skripti ya kwanza ilikuwa kurasa 9. Ukurasa mmoja huwa takriban dakika moja kwenye skrini, nami nina dakika 5 tu. Nikaondoa mganga, nikaondoa ndoto, nikaondoa hata jini lenyewe. Hapo ndipo hadithi ikaanza kunitisha mimi mwenyewe. Mtazamaji ataona uso wa binti, na kamba ya ndoo ikivutwa kutoka chini. Basi.

Kilichonifunza zaidi ni mwanga. Nilikwenda Pangani jioni 3 mfululizo, saa mkononi. Huku kwetu jua likishazama, ule mwanga wa bluu haufiki hata nusu saa, giza limeshaingia. Shoti 14 nilizochora, yaani vipande vya kupigwa kimoja kimoja na kamera, haziwezekani jioni moja! Nimezigawa jioni 3: za mbali kwanza, mwanga ungali upo, za uso mwisho, maana hizo hata taa ndogo ya betri inazitosha. Sauti ya kamba nitairekodi peke yake, usiku, bila kamera.

Tunaanza Jumamosi. Bibi amekubali kuwa sauti inayoita.