Ninachosoma rasimu ikiwa mezani

Mwandishi wa Kiswahili anayekula kwa riwaya peke yake, mimi simjui. Chakula changu kinatoka kwenye kutafsiri vipeperushi na kusahihisha miswada ya watu. Riwaya naiandika alfajiri kabla nyumba haijaamka, kwa kalamu, kwenye kaunta buku ya kwaya tatu. Kompyuta inafuata baadaye sana. Uchache wa muda nimeuzoea. Kilichonisumbua miaka na miaka ni kusoma.

Bila kusoma siandiki, lakini kitabu kizuri kinaambukiza. Nikiwa katikati ya rasimu nikishika Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kile kitabu chembamba cha mwaka 1990 kilichojaa ndoto na falsafa, kesho yake konda wangu wa daladala anaanza kuhoji maana ya kuwepo duniani. Konda! Mtu ana hesabu ya bosi kichwani na trafiki kasimama mbele.

Kuna wenzangu wanaoacha kusoma kabisa hadi mswada uishe. Mimi hilo lilinishinda. Nikikaa bila kitabu, lugha ya taarifa ya habari inaniingilia: "kwa upande wake", "sambamba na hilo". Heri hata kuambukizwa na Kezilahabi.

Nilichofanya ni kuhama. Rasimu ikiwa mezani, riwaya za Kiswahili zinapanda rafu ya juu ya kabati, nami nashika mashairi ya kimapokeo, Muyaka bin Haji hasa, yule bwana wa Mombasa ya karne ya 19. Mshororo wake una mizani, yaani silabi, 16: ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8, na humo hakuna neno lililopanda bila nauli. Namsoma kidogo kabla ya kuandika, basi sentensi zangu zinajibana zenyewe. Wala sina hofu ya kumwiga: Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kiko mbali mno na kinywa cha mtu wa Mbagala, Dar es Salaam.

Kinywa chenyewe nilikifuata kwenye daladala. Katika rasimu ya mwanzo konda wangu alikuwa akisema, "Dereva, simama hapo, kuna abiria anataka kushuka." Nikawa nachagua siti ya karibu na mlango, simu mfukoni, masikio wazi. Konda halisi anagonga bodi kwa kiganja na kusema, "Shusha, suka!" Mara nyingine hasemi kitu, anagonga tu na dereva ameshaelewa. Ukurasa mzima wa mazungumzo ukabaki mistari minne, na sikuona kilichopungua.

Ikifika rasimu ya pili natafuta msikilizaji. Wangu ni mama mmoja jirani, fundi cherehani, ambaye riwaya hasomi na wala hajifanyi kusoma. Nakaa kwenye benchi la wateja namsomea huku anashona. Mguu ukiendelea kukanyaga pedali, sura hiyo haijamshika. Mguu ukisimama, najua nimempata. Akisema, "Hebu ngoja, baba, huyu shangazi naye katokea wapi tena?" nachora duara kwenye jina la huyo shangazi, na mara nyingi nikifika nyumbani namfuta kabisa. Wahariri niliowahi kufanya nao kazi walinisaidia sana kwenye tahajia na aya. Wa kuniambia shangazi amezidi ni huyu mama.

Mswada sasa uko kwa mchapishaji, na atajibu atakapojibu. Kabati nimelifungua. Nimeanza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Nasoma taratibu, narudia kurasa nzima, naiachia sauti yake iniingie itakavyo. Kaunta buku mpya sijanunua, na sitanunua mpaka nimalize rafu ya juu.