Mashine ya kupukuchua mahindi, sehemu ya tatu: farasi wangu wako wapi?

Mara ya mwisho niliishia pale injini inapozima kila nikitupia mahindi zaidi ya matatu kwa mkupuo. Nilidhani ni kabureta. Nimeisafisha mara mbili, nikabadili na plagi, wapi! Mama, ambaye ndiye mwenye mahindi, akaja kusimama mlangoni: "Mwanangu, hiki kidude kinapukuchua au kinakunywa petroli tu?"

Stika ya kwenye tenki inasema HP 6.5, yaani nguvu za farasi sita na nusu. Ni injini ya cc 196 iliyoigwa kutoka Honda GX200. Zamani hata GX200 yenyewe ilitajwa kwa 6.5, siku hizi Honda wanaiandika kilowati 4.1, yaani kama HP 5.5, kwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Toki yake ya juu, yaani msukumo wa kuzungusha shafti, ni Nm (nyutoni mita) 12.4, nayo inapatikana kwenye mizunguko 2,500. (Marekani wanunuzi wa mashine za kukatia majani waliwahi kuwashtaki watengenezaji kwa ajili ya namba hizi za HP. Ndiyo maana nyingi sasa zinauzwa kwa kutaja toki.)

Halafu niko Mbeya, mita 1,700 hivi. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya aina hii hupoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Karibu moja ya tano imeondoka kabla sijavuta kamba ya kuwashia.

Basi nikaamua kupima mwenyewe. Nilifunga puli kwenye shafti, nikaizungushia kamba ya mkonge, kila ncha ikaning'inia kwenye mizani ya ndoano. Unakaza, injini inalemewa, unasoma tofauti ya mizani mbili. Kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya kamba ni sentimita 10, kwa hiyo kilo moja ya tofauti ni karibu Nm 1, hesabu rahisi. Jambo ambalo sikulitegemea ni moto. Kilowati mbili na ushee zote zinaishia kwenye kile kipande cha kamba, kama birika la umeme lisilo na maji. Kamba ya kwanza ilitoa moshi, ikanuka gunia lililoungua, ikakatika. Ya pili nilimpa mdogo wangu kopo la maji awe anaimwagia.

Kwenye mizunguko 1,600 nilipata kilo 7.6. Kwenye 2,500, kilo 8.5. Kwenye 3,200, kilo 8. Toki karibu ni ileile kote! Ila nguvu ni toki mara mizunguko, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati: 1.3 kule chini, 2.6 kule juu. Mara mbili kabisa.

Hapo ndipo nilipojicheka. Ngoma ya kupukuchulia nataka izunguke kama 800. Puli zangu zilikuwa inchi 4 kwenye injini na inchi 8 kwenye ngoma, na injini ikipewa resi yote ngoma inafika 1,800, punje zinapasuka. Kwa hiyo nilikuwa napunguza resi hadi 1,600. Yaani nimenunua farasi, nusu yao nimewafungia zizini.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea puli ya inchi 12, kwenye injini nikaweka ya inchi 3. Sasa injini inakwenda 3,200, ngoma 800 ileile, lakini toki inayofika kwenye ngoma imepanda kutoka Nm 15 hadi 31 hivi, ukiacha kinachopotea kwenye mkanda. Jana nimetupia mahindi sita kwa mpigo. Gavana, ile inayoongeza mafuta yenyewe injini ikilemewa, ikafungua, mlio ukawa mzito kidogo, magunzi yakatoka.

Kilichobaki ni mkanda. Puli ya inchi 3 ni ndogo, mkanda unaikumbatia kidogo tu, basi mzigo ukizidi unateleza na kupiga kelele. Jumamosi naongeza puli ya kukazia. Mama ameshaleta gunia jingine, kaliegemeza palepale mlangoni.