Siku ya chukudu ndogo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto wa jirani anateremka kwenda ziwani, bidoni nne tupu za maji zimefungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo. Goti la kushoto limetulia kwenye kipande cha ndala kilichopigiliwa ubaoni, mguu wa kulia uko tayari kukanyaga mpira unaosimamisha gurudumu la nyuma. Namwona kila siku hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Leo ningemtazama vizuri zaidi, ningejiepusha na aibu.

Saa moja. Nafagia kona ya uwanja wa shule, kazi bure. Uwanja wetu ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002, na vumbi lake haliishi. Wanafunzi wangu walikuwa hawajazaliwa.

Saa tatu. Darasa la saba na la nane, makundi ya watu wanne. Kila kundi linapewa mabaki ya mbao za mikaratusi, misumari 12, kipande cha tairi na magurudumu mawili ya mbao. Chukudu isizidi sentimita 60, ibebe kilo 5 za mchanga na kuteremka ubao wa mita 3 bila kuvunjika. Ndivyo nilivyoandika, nikajiona mhandisi.

Hadi saa tano ni nyundo tu. Vidole viwili vimepigwa, plasta zimekwisha. Binti mmoja, baba yake hushusha viazi kutoka Kibumba, hapimi chochote. Anachukua mti mfupi na kuukingamisha kati ya usukani na ubao wa kukalia mzigo.

"Mbona hivyo?" namuuliza.

"Usipoweka huu, Madamu, usukani unalala. Papa alishaanguka."

Naenda ubaoni kuchora: mraba wa vijiti vinne ukiusukuma pembeni unalala, pembetatu hailali mpaka kijiti kimoja kivunjike. Wananakili. Yeye anaendelea kupiga msumari.

Saa sita, majaribio. Ya kwanza inabeba mchanga vizuri, inateremka vizuri, na haisimami. Inakwenda kugonga ukuta wa mawe, mfuko unapasuka miguuni pa Prefe, mkuu wetu wa shule, aliyekuwa anatoka ofisini. Anatazama viatu vyake, ananitazama mimi, anarudi ndani.

"Breki yenu iko wapi?"

"Madamu, sheria haikusema breki."

Kweli haikusema. Naisoma mara mbili. Natoa dakika 20 za nyongeza, kelele zinaanza: waliomaliza mapema wanaona wameonewa, nami siwezi kuwalaumu.

Hizo dakika 20 ndizo zilizokuwa somo lenyewe. Kundi moja linafunga mpira kwenye gurudumu la mbele na kuuvuta kwa kamba. Gurudumu linakwama, mzigo unaendelea na safari, chukudu inapinduka kichwa chini. La binti wa Kibumba linaweka mpira nyuma. Inateleza kidogo, inanguruma juu ya ubao, inasimama shibiri moja kabla ya mstari. Watoto wanapiga kelele kana kwamba viazi vimefika sokoni.

Saa tisa narudi nyumbani, napita kwenye mzunguko wenye ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu. Nasimama kuangalia gurudumu la nyuma. Muuza karanga ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Saa moja usiku, hakuna umeme. Najaza alama kwa tochi ya simu. Kundi la kwanza nimeliachia nafasi tupu: chukudu yao haikuvunjika, na sheria niliiandika mimi.